Sentensi Niliyoiongeza kwenye Ushuhuda wa Mama Tabitha

Musoma, Jumamosi jioni

Magesa mwanangu,

Umekwenda Nyasho kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umalize sahani ya pili. Kwa hiyo nina kama saa mbili za kuandika bila wewe kunichungulia begani. Sitakuandikia kwamba ule vizuri, ulale mapema, ufue mashuka. Una miaka ishirini na sita. Kama mpaka leo hujui kufua shuka, basi mimi nimeshindwa kazi na barua haitasaidia. Baridi ya Arusha umeshaelezwa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata wale ambao hawajawahi kuvuka Bunda.

Barua hii ni ya jambo moja tu, nalo nimekuficha kwa miaka mitatu. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema nitaingiza utani, utacheka, na jambo litapita. Nitaiweka kwenye begi lako dogo, juu ya zile chapati. Isome ukiwa ndani ya basi, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunibishia.

Jumanne, tukiwa mezani, ulinisomea ule ukurasa ambao bosi wako mpya amekuagiza uandike kabla hujaripoti kazini. Ukurasa wa kuwaeleza wasomaji jinsi tovuti yenu ya yoga na afya inavyoendeshwa: nani anaandika, nani anakagua, nani anafadhili, na mkikosea mnafanya nini. Uliusoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Kila tunachochapisha huhakikiwa na wataalamu." Nikakuuliza, wataalamu gani? Ukanijibu, "Mama, ndivyo wanavyoandikaga wote." Ukaendelea mpaka kwenye makosa: "Tukibaini kosa, tunalirekebisha mara moja." Nikauliza mnalirekebishaje. Ukacheka. "Si tunafuta tu? Kama tulivyofutaga ile yako."

Ulisema hivyo huku ukitoa mwiba kwenye sato, kwa hiyo hukuona kwamba nimeacha kula. Ulidhani nimeshiba.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Unakumbuka nilivyostaafu ualimu na mgongo uliopinda kama jembe la kukodi. Miaka thelathini ya kusimama mbele ya ubao na kuinama kwenye madaftari ya watoto. Ni wewe uliyekuja likizo kutoka chuo ukanionyesha kwenye simu yule mwanamke anayejikunja na kujikunjua, ukaniambia, "Mama, hii ni yoga, jaribu." Nikajaribu chumbani, mlango nimeufunga, naogopa majirani. Baada ya miezi michache niliweza kuinama nikachukua ndoo bila kumwita Mungu. Hilo ni kweli, na nitalisema mpaka naingia kaburini. Yoga haikunidanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Halafu wakaja akina mama watano, wakaja kumi na wawili. Mzee wa kanisa akasikia neno yoga akaja kuuliza tunamwabudu nani pale uani. Nikamwambia tunanyoosha migongo tu, akitaka aje na wake. Akaja, siku mbili, kisha akasema magoti yake ni ya kupigia sala na si ya mizunguko ile. Yale majina ya mikao tukayabadilisha tukayaita kwa kazi zetu: kuanua dagaa, kusukuma mtumbwi, kuchuma pamba. Mama mmoja akasema angejua kwamba kuanua dagaa ni mazoezi, angetoza kiingilio. Siku zile nilikuwa na furaha, Magesa. Nilikuwa mtu mzima niliyedhani nimetupwa, kumbe bado natafutwa.

Ndipo ukatengeneza ile tovuti. Nilikuwa naandika kwenye daftari, wewe unachapa. Chini ya kila makala uliandika, "Mhariri: Magesa." Nilikuwa napenda kuliona jina lako pale. Niliwaonyesha watu, hata wasiojua mhariri ni mtu wa namna gani.

Sasa nikuambie nilivyoanza kuteleza, maana mtu haangukii shimoni kwa hatua moja.

Kwanza walianza kuniita daktari. Unajua watu wetu: anayekukanda mguu ukapona ni daktari, anayeuza dawa za ng'ombe ni daktari. Mtu mmoja wa Kiabakari aliandika kule chini ya makala, "Asante daktari, Mungu akuzidishie." Ulitaka kumjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu. Nikakuambia uache, ni heshima tu, usimvunje moyo. Haikuwa heshima. Ilikuwa tamu. Mtu aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote, akiitwa daktari na mtu asiyemjua, hutembea kidogo kama anaelea. Nikaliacha jina lile likae pale, na waliokuja baadaye wakalikuta, wakaamini.

Kisha yule mwenye duka wa Bunda akaniletea unga wa mlonge, gunia zima, bure. Nikaandika jinsi ninavyoupenda. Kuupenda niliupenda kweli, lakini sikuandika kwamba nimepewa. Nilijiambia, kwani zawadi inahitaji matangazo? Laiti ningeandika mstari mmoja tu, "Unga huu nimepewa na mwenye duka," msomaji angeamua mwenyewe aniamini kiasi gani. Mimi nilimwamulia.

Hayo ni madogo. Kubwa ni lile la Kibara.

Tulikwenda Kibara mwaka ule, wewe ulibaki na homa. Akina mama wa kule walikuwa wameanza kikundi chao, wakatualika. Baada ya mazoezi wakasimama kutoa shuhuda, mmoja mmoja, kama tufanyavyo kanisani. Akasimama Mama Tabitha, muuza dagaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Akasema hivi, na maneno yake ninayo kwenye daftari mpaka leo:

"Mimi nilikuwaga na presha ya kupanda. Nilikuwaga siwezi kubeba hata karai moja nikafika juu. Tangu tuanze kuvuta pumzi na kujinyoosha, presha imetulia. Leo nabeba makarai mawili. Sifa kwa Mungu!"

Watu wakaitikia amina, vigelegele vikapigwa, na mimi machozi yakanitoka.

Lazima uelewe ushuhuda ulivyo kwetu, ingawa umekulia humohumo. Ushuhuda hauulizwi maswali. Mtu akisimama akasema Mungu kamponya, hakuna anayeinua mkono kuuliza alikuwa anameza nini. Hata mwenyewe hasemi. Ukisema "nilikwenda pia hospitali nikapewa vidonge", utaonekana unagawa utukufu, nusu kwa Mungu na nusu kwa mfamasia. Vidonge vinabaki kwenye pochi, na kila aliye pale anajua vipo. Mimi nilikuwa katibu wa akina mama kanisani kwa miaka tisa, ndiye niliyekuwa naandika shuhuda kwenye jarida letu. Nilizoea kuzinyoosha. Mtu akijikanyaga namwekea sentensi. Akiacha pengo naliziba. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu wote waliosoma walikuwa wamekaa kwenye benchi moja na msemaji na walijua namna ya kumsikiliza.

Nikaandika ushuhuda wa Mama Tabitha kwa mkono uleule. Nilipofika mwisho nikaona haujakaa sawa, unataka kitu cha kuushikilia. Nikaongeza, "Na yote haya bila kumeza kidonge hata kimoja."

Mama Tabitha hakusema maneno hayo. Hakuna aliyeyasema. Ni ya kwangu mimi. Sikumuuliza. Nilifikiri nimemsaidia kumaliza alichotaka kusema. Wewe ukachapa, ukaniambia, "Mama, hii imesimama," na ikasomwa kuliko zote tulizowahi kuweka. Watu wakaitumiana kwenye simu, Bunda, Kiabakari, mpaka Butiama.

Ikafika Butiama, Magesa, kwa mjomba wako Wambura.

Wewe unachojua ni kwamba mjomba alipata kiharusi kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Ndivyo tulivyosema wote, na mimi ndiye niliyeanza kusema. Siku ile nilipofika hospitalini nilimkuta mkewe, Mama Paulina, kwenye benchi la nje, kashika viatu vya mumewe mkononi. Akaniambia, "Wifi, mwenzangu alikuwa ameacha dawa. Tangu mwezi wa pili. Alisemaga kuna mtu amepona kwa kuvuta pumzi tu, amesoma kwenye simu." Hakuniambia amesoma wapi. Hakuwa anajua.

Mimi nilijua. Nikaenda mpaka kwenye uzio nikakupigia simu. Nilikuambia, "Magesa, ifute ile ya Mama Tabitha, ameomba jina lake lisionekane." Ukajibu, "Poa, mama." Dakika mbili baadaye haikuwepo. Hukuuliza, ungeulizaje? Ni mama yako amesema. Nikarudi kwenye benchi nikakaa na Mama Paulina, nikamshika mkono, nikaomba naye. Nakuandikia haya na uso unawaka.

Kwa hiyo nilimdanganya mtu aliyekuwa ananiamini kuliko wote, nikatumia vidole vyake kufuta alama zangu. Mtu huyo ni wewe. Naomba unisamehe. Si lazima leo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kibara peke yangu. Nilimkuta Mama Tabitha akigeuza dagaa juu ya chanja. Nikamuuliza, dawa za presha uliacha lini? Akanitazama kama nimepungukiwa. "Niache? Mwalimu, niache nife? Nameza kila asubuhi na chai." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, "Sasa mtu anasimamaga kushuhudia vidonge? Kwani wewe ulikuwaga hujui?" Hakuwa ameisoma makala yenyewe, simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Sikumwambia nilichomwandikia. Nilinunua dagaa, kopo la sado moja, nikaondoka.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka mitatu, na ingeendelea kama usingesema lile neno mezani. Kufuta tu, kama tulivyofutaga ile yako. Ulikuwa unachukua ujanja wangu kwenda nao Arusha ukidhani ni utaratibu wa kazi. Usiku wa Jumanne sikulala vizuri, na Alhamisi nilikwenda Butiama. Nilikuambia nakwenda kwenye kikao cha wastaafu. Huo ndio uongo wa mwisho, uuweke kwenye orodha.

Nilimkuta mjomba wako uani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kulia, lile gunzi amelibana kwa mapaja. Mkono wa kushoto sasa unashika kikombe kikiwa nusu, ananionyeshaga kila nikienda. Akaniona mikono mitupu akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Leo hujaleta mkate. Basi kuna jambo."

Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote. Sikutania. Nilimwambia Mama Tabitha hakuwahi kuacha dawa, kwamba maneno ya kidonge ni ya kwangu, kwamba siku ile ile hospitalini niliijua sababu nikaifuta. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwenye vidonge. Hapo akaacha.

"Yule mama alikuwaga anameza?"

"Alikuwa anameza, kaka. Mpaka leo anameza."

Nilijua atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa tangu Musoma. Akasema, "Basi si mimi."

"Si wewe nini?"

"Mimi nilidhani ni mimi. Nilijua ni kwako nilisomaga, nikasema dada yangu ni mwalimu, hawezi kuandika uongo. Kwa hiyo kama yule mama aliweza na mimi nikaanguka, basi mimi ndiye sikuvuta pumzi vizuri. Nilikuwaga nafikiri navuta haraka sana. Mpaka leo kila asubuhi navutaga, nahesabu, natafuta nilikosea wapi."

Magesa, niliwahi kumzika mume, baba yako. Niliwahi kumzika mama. Sikumbuki kulia namna ile. Mimi nilidhani nimemficha kaka yangu kosa langu. Kumbe kosa halikufichika, lilihama tu. Nililitoa kwangu nikampelekea yeye, mtu mwenye mkono mmoja, akalibeba kila asubuhi kabla ya chai.

Kisha alikasirika. Alichelewa, lakini alikasirika vizuri. "Miaka mitatu wewe! Unakujaga hapa na mkate, unakaa hapo hapo, unaniangalia tu!" Akachukua fimbo yake akaingia ndani, akaburuta ule mguu mpaka chumbani, mlango akaubamiza. Mama Paulina akatoka jikoni akaniangalia, akarudi jikoni. Alikuwa amesikia. Sikujua niondoke au nikae. Nikavuta lile beseni nikaendelea na mahindi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nilipukuchua yote yaliyobaki.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea alipotoka. Nilifikiri anakuja kunifukuza. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Waliosoma. Mimi ni kaka yako, umenijia, umeniambia. Yule ambaye hujui jina lake, nani amemwendea?"

Nilikwenda Butiama nikijiona shujaa. Nilidhani nikishamwambia yeye nimemaliza, nitarudi Musoma mwepesi. Akanionyesha kwamba nimelipa nyumba moja na mtaa mzima unangoja. Nikakumbuka hata Krismasi iliyopita, sokoni Bunda, mama mmoja muuza mikeka aliniambia, bila kunijua, habari za "yule mama wa Kibara aliyepona presha bila kidonge hata kimoja." Sentensi yangu, neno kwa neno, inatembea yenyewe kwa miguu yake. Tuliifuta kwenye tovuti. Kwenye vichwa vya watu haijafutika, na wala hakuna mahali ambapo mtu anayeitilia shaka anaweza kwenda akakuta imekanushwa. Ndicho tulichofuta, Magesa: si uongo, ni nafasi ya mtu kuujua.

Sasa turudi kwenye ukurasa wako. Sikufundishi kazi, umesomea na mimi sikusomea. Nakuambia tu kinachouma kikikosewa. Usiandike "wataalamu". Andika jina la mtu, amesomea nini, na mambo yapi hayajui. Kama mwandishi ni mwalimu wa yoga tu na si mganga wa presha, iandike hivyo, haitampunguzia kitu. Mkipewa mkeka bure mkausifu, semeni mmepewa. Mtu akija na ushuhuda mzuri unaokutoa machozi, hapo hasa ndipo umuulize, "Na dawa je?" Atakuona huna imani. Muulize tu. Na usimzibie pengo. Akiacha pengo, rudi umuulize, au liache pengo lionekane.

Na pale ulipoandika "tunalirekebisha mara moja", ongeza mtakalolifanya mbele ya macho ya watu. Semeni nini kilikuwa kimeandikwa, nini ni kweli, na lini mmebadilisha. Palepale kilipokuwa, yasomwe na yuleyule aliyesoma mwanzo. Kumwambia aliyeumia ni wajibu wako, lakini hajaumia peke yake.

Utaniuliza kama naamini mtu anaweza kuendesha tovuti ya namna hiyo watu wakaipenda. Naamini. Nimemwona mjomba wako. Asubuhi ya Ijumaa, maana nililala kwao, nilimkuta amekaa uani na kikombe chake, havuti pumzi za kuhesabu. Anakunywa chai. Akaniambia, "Leo nimepumua bure tu, kama watu." Halafu akacheka upande mmoja, akaagiza nije na mikate miwili mara nyingine, faini. Ukweli ulichelewa miaka mitatu na bado ulikuwa na kazi ya kufanya alipoufikia. Je, ungefika mapema ingekuwaje? Ndiyo maana sina hofu na wewe kwenda. Unakwenda mahali ambapo utaweza kuufikisha mapema, na una kichwa kizuri kuliko changu, na huna njaa ya kuitwa daktari.

Nina ombi moja, nalo si dogo. Tovuti yetu ipo bado, na nenosiri unalo wewe. Nataka uirudishe ile makala kama ilivyokuwa, yote, na juu yake uweke sahihisho nililoliandika hapa chini. Ujumbe huohuo utume kwenye lile kundi letu la kwenye simu, uombe watu waupeleke popote walikoipeleka ile ya kwanza. Mama Tabitha nitamwendea Jumatatu na kumsomea kabla hujaweka. Akikataa jina lake litajwe, nitakupigia, na safari hii itakuwa kweli.

Najua jina lako liko pale chini, mhariri. Bosi wako anaweza kuliona. Nimewaza sana hili kuliko mengine yote, kwa sababu ni kazi yako ya kwanza ya maana na sitaki kosa langu likutangulie mlangoni. Nilikuwa nimeshafikiria nisubiri mpaka uzoee kazi, miezi sita, mwaka. Halafu nikaisikia sauti yangu mwenyewe: ni ileile iliyosubiri miaka mitatu. Kwa hiyo nenda umwonyeshe kabla hajakuonyesha. Mpe barua hii asome ukipenda. Akikuambia ulifukie kosa hili, utakuwa umejua mapema unafanya kazi na nani, na chumba chako hapa sitakipangisha kwa mtu. Lakini mimi nina matumaini naye. Mtu anayemwagiza kijana mgeni aanze na ukurasa wa makosa huenda anamaanisha.

Sahihisho lenyewe ni hili:

"Makala hii ilisema kwamba Mama Tabitha wa Kibara alitulizwa presha kwa mazoezi ya kupumua bila kumeza kidonge hata kimoja. Si kweli. Mama Tabitha alikuwa anameza dawa zake za hospitali kila siku na bado anameza. Hakuwahi kusema vinginevyo. Maneno hayo niliyaongeza mimi, niliyeandika makala, bila kumuuliza. Mimi ni mwalimu mstaafu, si daktari. Makala ilipogundulika kuwa na kosa niliamuru ifutwe kimya kimya, na mhariri hakuambiwa sababu. Kama uliacha dawa kwa sababu ya maneno haya, nenda hospitali ukapimwe, na usijilaumu: hukukosea kupumua. Kosa hili lilimdhuru mtu."

Lisome kama mhariri, si kama mwanangu. Kama kuna mahali nimejipendelea, kata. Mjomba wako nimeshamsomea Ijumaa kabla sijaondoka. Aliomba kalamu. Nilikuwa nimeandika, "Huenda kosa hili lilimdhuru mtu." Akaliegemeza daftari kwenye goti, akalishikilia kwa ule mkono wa kushoto, akakata neno la kwanza.

Ni mimi,
Mama yako